Sifa za Mvujo

Vitu vya nyumbani vina tabia ya kuficha maradhi. Jokofu huunguruma usiku kucha, na asubuhi nyama imelegea. Tanki la juu huhesabiwa kuwa limejaa mpaka siku bomba linapokohoa hewa. Mashine yetu kuukuu ya kuoshea vyombo, hapa Daraja Mbili, Arusha, imeepukana na tabia hiyo kwa sababu inavuja. Maji yake hutokeza kwenye kona ya mbele, mkono wa kushoto, juu ya sakafu ya saruji, mahali ambapo kila anayeingia jikoni atayakanyaga. Nimeishi na mvujo huo muda wa kutosha kuijua tabia yake, na leo nataka kuusifu. Wanaouita kero nawaelewa, maana ndio wanaokamua tambara. Lakini katika chuma, plastiki na nyaya zote za mashine ile, sijaona sehemu yenye ukweli kuliko tone lile.

Mashine za namna hii si nyingi mtaani kwetu. Vyombo vya Daraja Mbili huoshwa uani, kwenye mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, kwa stilwaya na mikono ya mtu. Ila Arusha ni mji wa wageni wa kikazi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa kuanzia 1995 hadi ilipofunga shughuli zake mwisho wa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa hapa. Kampuni za utalii na mashirika hayaachi kuleta watu. Familia hufika, hupanga nyumba, hukaa miaka yao, kisha huuza vitu na kuondoka, na vitu hivyo hushuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mashine yetu ilishuka hivyo. Kabla hatujaipata ilikuwa imesimama kavu stoo kwa muda mrefu, na habari ya mvujo inaanzia hapo, kwa sababu mpira uliozoea maji ukikaa mkavu sana husinyaa na kuwa mgumu. Mashine ya vyombo huumizwa na mapumziko kuliko kazi.

Aliyeifanya mashine hii ifae watu ni mwanamke, Josephine Cochrane wa Shelbyville, jimbo la Illinois, Marekani, aliyepata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886. Majaribio ya kabla yake yalikuwepo, ila hayakuosha sawasawa. Yeye aliyaamini maji yenyewe: yarushwe kwa nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa kwenye vikapu vya waya vilivyokatwa kwa umbo la sahani na vikombe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 1883 na kumwachia madeni, kwa hiyo kazi ile haikuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Alisaidiwa na fundi mitambo aitwaye George Butters, na mwaka 1893 mashine zake zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wateja wake wa mwanzo walikuwa hoteli. Barani Ulaya, kampuni ya Miele ya Ujerumani ilitoa ya umeme mwaka 1929. Nayataja haya kwa sababu tangu siku za mama yule, mashine ya vyombo ni maji yanayorushwa kwa shinikizo ndani ya sanduku lenye mlango, na mlango huo sharti ufunguliwe kila siku. Kila fundi aliyekuja baada ya Butters amekuwa akihangaika na jambo hilo hilo, namna ya kuyabakiza maji ndani. Hata sisi, jikoni kwetu Arusha, tuko katika kazi aliyoianza mama yule.

Jambo la kwanza ambalo mvujo ulinifundisha ni kwamba mashine haijai maji. Wengi wetu tukiisikia ikivuma tunadhani ndani kuna bwawa lililofika nusu ya mlango. Kumbe ni lita chache tu zinazokaa chini kabisa, kwenye kisima kidogo chenye chujio. Pampu huzivuta na kuzisukuma kwenye mikono miwili inayozunguka, mmoja chini na mmoja katikati, nazo hurushwa juu ya vyombo, huanguka, hurudi kisimani na kuvutwa tena. Mpira wa mlango umezunguka juu na pembeni, na kazi yake ni kuzuia mirushio. Chini, mlango una ukingo na ulimi mwembamba wa mpira, basi. Hapakukusudiwa kuzuia bwawa. Ukishalijua hilo, unaacha kuulaumu mlango kwa haraka. Maji yakitokea mlangoni, mara nyingi kuna kitu ndani kinachoyapeleka pale. Huenda yamezidi kipimo, au yamegeuka povu, au mashine imeinama mbele, au kuna tundu linaloyarusha kwa pembe ambayo mtengenezaji hakuipanga. Mpira wa mlango hukamatwa kwa kuwa ulikuwa karibu na tukio.

Na sasa nifike kwenye sifa yenyewe. Mvujo hutoa habari zenye saa, joto na mguso. Maji yakionekana dakika za kwanza, mashine ikiwa bado inajaza, nayo ni baridi na safi, tafuta upande wa kuingilia: koki ya ukutani, mpira wa kuingizia, vali ya umeme inayoyafungulia maji. Yakitokea katikati ya kuosha, ya uvuguvugu na yenye utelezi wa sabuni, yanatoka kwenye mzunguko: mlango, mikono ya kunyunyizia, sili ya pampu, mpira wa kisima. Yakingoja mpaka mashine inapotapika maji machafu, yakiwa na chembe za chakula, nenda kwenye mpira wa kutolea maji na pale unapoungana na bomba la sinki. Yakiendelea kutambaa hali mashine imezimwa kabisa, basi vali ya kuingizia haifungi, na huo ndio mvujo pekee ninaouogopa, maana unaweza kukujazia nyumba ukiwa sokoni. Ukikutana nao, funga koki ya ukutani kwanza, maswali yatangoja.

Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachoeleza ugonjwa wake kwa ufasaha huo. Televisheni ikifa inabaki nyeusi tu, iwe ni fyuzi au ni kioo. Pasi ikikataa kupata moto haisemi ni waya au ni nini. Mvujo unakutajia kiungo, na unakutajia wakati, na haukudai pesa ya uchunguzi.

Fundi tuliyemwita ni kijana wa mtaani anayetengeneza majokofu na mashine za kufulia. Aliingia, akasema, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia, na kabla hajafungua begi la vifaa akamwona dada wa nyumbani ameshika dekio.

"Dada, naomba usifute kwanza," alisema. "Ukifuta, mimi naanza kubahatisha."

Nilimpenda hapo hapo. Akaomba magazeti ya zamani. Akachomoa plagi, maana chini ya mashine kuna maji na kuna umeme wa volti 230, na vitu hivyo viwili havichezewi kwa pamoja. Akafunga koki, akaivuta mashine kutoka chini ya kaunta, akafungua bamba la chini la mbele, akatandaza magazeti makavu sakafuni kila mahali ambapo mkono wake uliweza kufika. Kisha akarudisha maji na umeme, akaiwasha, akalala kifudifudi na tochi, bila kuingiza kidole ndani.

"Mwalimu, huwa yanaanza kutoka wakati gani?"

"Ikishajaza, ikiwa imeanza kuosha."

"Ya baridi?"

"Ya uvuguvugu."

"Ukiyashika yanateleza?"

Nikamwambia yanateleza. Akaitikia kwa kichwa. Majibu yote hayo yalikuwa ya mvujo. Mimi nilikuwa mpelekaji tu. Na gazeti likaongeza la kwake. Sehemu ya chini ya pampu, katikati ya mashine, karatasi ilibaki kavu kabisa. Kona ya mbele kushoto ikaanza kulowa, kwanza mstari mwembamba, halafu doa. Kwa hiyo pampu haikuwa na hatia. Jambo hili naomba lisipitwe haraka. Sili ya pampu ya mashine kuukuu ni spea ya shida kupatikana hapa mjini, na kuifikia ni kuipindua mashine na kuifungua tumbo. Mtu asiyeusikiliza mvujo angeanza huko, kwa sababu pampu ndiyo yenye kelele. Kurasa za gazeti la juzi zilituepusha na kazi hiyo yote.

Akatoa pimamaji, ile ile wanayotumia mafundi ujenzi, akailaza juu ya mashine. Sakafu zetu za saruji mara nyingi huwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke uani, na mashine ilikuwa imeinama nao. Akazungusha miguu ya mbele mpaka kipovu cha pimamaji kikakaa katikati. Mvujo ukapungua, haukwisha. Hapo nao ulisema jambo: kuinama kulichangia, ila hakukuwa chanzo.

Akauliza sabuni. Tunatumia unga wa mashine, unaouzwa kwenye maduka makubwa ya mjini, si sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Swali lilikuwa la haki, kwa sababu sabuni ya mkono ndani ya mashine hufura povu, na povu halizuiliwi na ulimi wa mpira. Hupanda na kumwagika mlangoni kama maziwa yaliyochemka. Katika mji huu jambo hilo lina uzito zaidi kuliko Ulaya zilikotoka mashine hizi, na nitalirudia.

Akafungua mlango, akatoa chujio. Ndani yake palikuwa na maganda ya mahindi ya makande, laini, yamejikunja. Waliobuni mashine hii hawakuwaza makande. Akainua boya, kile kikombe kidogo cha plastiki kinachoelea na kuiambia mashine kwamba maji yametosha, akalipandisha na kulishusha kwa kidole. Likacheza vizuri. Punje moja ya wali chini ya boya ingetosha kulikwamisha, na boya likikwama chini mashine huendelea kujaza mpaka maji yazidi kipimo. Haikuwa hivyo kwetu. Kisha akachomoa mkono wa chini wa kunyunyizia, akauinua dirishani, akaukamua kidogo kwa vidole. Ukafunguka mdomo.

Mikono hii hutengenezwa kwa vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa joto, na mshono wake ulikuwa umeachia ubavuni. Pampu ikisukuma, sehemu ya maji iliyopaswa kupanda juu kwenye sahani ilitoka kwa ubavu, ikipiga kona ya mlango kila mkono unapozunguka. Mpira wa mlango, uliokwisha kuwa mgumu kwa miaka ya stoo, haukuweza kuhimili mshindo huo, ukayapitisha. Maji yakashuka kwa ndani ya mlango, yakafuata ukingo, yakadondoka mbele kushoto. Na hapo nilielewa kwa nini sahani za mstari wa chini zilikuwa zikitoka na mafuta siku hizi. Nguvu ya maji ilikuwa inaishia mlangoni. Mvujo na sahani chafu vilikuwa na asili moja, lakini sahani chafu tulizisuuza tena bila kuuliza. Tone la sakafuni ndilo lililotulazimisha kumwita mtu.

Gundi haikamati vizuri plastiki ya aina ile. Nyuma ya mkono ilikuwa imechapwa herufi PP, alama ya polipropilini, na gundi nyingi hubanduka juu yake. Kijana alilijua hilo. Alinipeleka kwenye gereji za mtaa wa Unga Limited, kwa fundi anayeunga bampa za magari zilizopasuka. Bampa nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo hiyo na zina alama hiyo upande wa ndani. Yule bwana alikata ukanda mwembamba kutoka kwenye bampa bovu, akaweka mshono wetu kwenye meza, akayeyusha ukanda na mshono pamoja kwa chuma cha moto, polepole, akiwa makini asizibe matundu ya kunyunyizia. Alipomaliza aliziba tundu la katikati kwa kidole gumba na kupuliza. Hewa ikatoka pale tu ilipotakiwa. Hajawahi kumiliki mashine ya vyombo, lakini aliujua ugonjwa wake kwa kuushika. Mji wenye watu kama hao ni mji wa kukaa nao.

Mpira wa mlango haukupatikana madukani, nasi hatukuutafuta sana. Kijana aliuchomoa kwenye mfereji wake, akausugua ukungu na mafuta yaliyoganda, akauloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka ukalegea na kurudisha sehemu ya umbo lake, akaukausha, akaupaka grisi ya silikoni kidogo sana. Hapa nina neno. Wapo wanaopaka mafuta ya kujipaka au mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huuvimbisha na kuulegeza mpira wa namna hiyo, na baada ya muda hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Na wapo wanaofanya baya zaidi: wanachukua silikoni ya kuzibia madirisha na kuipaka kwa nje, kuzunguka pale tone linapoonekana. Tone linatoweka, watu wanashukuru. Maji hayajatoweka. Yamegeuzwa njia, sasa yanashuka ndani kuelekea mota na nyaya, mahali ambapo hakuna jicho. Tambara lililokunjwa na kusahauliwa chini ya mlango nalo ni ndugu wa silikoni hiyo. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona mashine nzima zikitupwa uani na kugeuzwa mabanda ya kuku, kumbe zilikufa kwa kuzibwa mdomo.

Mashine za miaka ya karibuni zimechukua njia nyingine. Chini zina sinia la plastiki au bati linalokusanya maji yaliyovuja, na ndani ya sinia kuna boya jingine na swichi. Sinia likijaa, swichi hukata kazi, na pampu ya kutolea maji huanza kuvuma bila kukoma, huku kioo kikionyesha herufi na namba. Mpango huo unalinda sakafu za watu wanaoishi ghorofani, nami siukatai. Lakini kabla sinia halijajaa mvujo unakuwa umefanya kazi yake gizani kwa miezi, ukitia kutu skrubu na kulowesha viungo, bila mtu kujua. Na siku mashine inapogoma, wengi huiinamisha nyuma, humwaga maji ya sinia, hufurahi kwamba imepona, na huirudisha mahali pake na jeraha lake lile lile. Mashine kuukuu isiyo na sinia haina pa kuficha. Inaleta shida yake miguuni mwa wenye nyumba siku ile ile.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mashine hizi za zamani hunywa maji. Mpya hutumia kiasi cha lita 10 kwa kuosha mara moja, na zile za miaka ya 1970 zilipita lita 40. Kikombe kilichokuwa kikimwagika kwetu hakikuwa upotevu mkubwa wa jikoni. Ila tone lina hesabu yake: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na ukihesabu matone 20 kwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita 4. Nyumba inayovuja hivyo kwenye koki humwaga ndoo kubwa ya lita 20 kila baada ya siku chache, na hakuna anayeona kwa sababu maji yanaingia kwenye sinki yenyewe.

Nilisema nitarudi kwenye povu. Maji yetu yanatoka kwa Meru, mlima wa volkano wenye mita 4,566 ambao mara ya mwisho ulitema majivu mwaka 1910. Maji ya chini ya ardhi kwenye miteremko yake kwa kawaida yana magadi mengi na chokaa kidogo. Maji yenye chokaa kidogo hutoa povu kwa urahisi, ndiyo maana sabuni kidogo hapa hufanya kazi ambayo Ulaya ingehitaji nyingi, na ndiyo maana sabuni isiyofaa hapa huleta mafuriko ya mlangoni. Mashine yetu ina kisanduku cha chumvi cha kulainisha maji magumu ya Ulaya. Hapa fundi alikishusha hadi kipimo cha chini kabisa. Mvujo wetu, ulipokauka sakafuni, ulikuwa ukiacha doa jeupe la unga, sabuni na magadi pamoja, na kwa mtu aliyekulia miteremko hii doa hilo ni habari ya mlima.

Uchache huo huo wa chokaa ndio unaoiacha floraidi ielee. Chokaa ikiwa nyingi huishika floraidi na kutua nayo. Ikiwa chache, floraidi hubaki ndani ya maji na kutufikia. Meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru yametokana na hilo, na wazee wengi mnaowaona wakitembea kwa miguu iliyopinda wamelipa kwa mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja. Tanzania ilivumilia 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka hadi 1.5. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kwa miaka kazi ya kuyachuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina doa. Nikiifikiria hiyo, na nikiutazama mvujo wangu unaojitangaza katikati ya jikoni, najua ni madhara yapi ningependa kuishi nayo.

Na mabomba ya mji je? Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 520, ulikusudiwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Tulioishi na mgao, tukiamka usiku kujaza madumu, tunajua maana ya kazi hiyo. Lakini maji yakiongezeka, shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda kila kiungo kilichochoka huanza kusema. Kiwango cha upotevu kinachohesabiwa kuwa kinavumilika ni asilimia 20, na mamlaka nyingi za maji nchini zimekuwa juu yake. Sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini bila kulowesha kiatu cha mtu. Bomba likipasuka katikati ya barabara, watoto wakaoga na bodaboda zikaoshwa, watu hulalamika kwamba maji yanamwagika. Mimi hulishukuru bomba hilo, kwa sababu limejisema na kesho litazibwa. Nayahofia yale yaliyo chini ya lami.

Kwa hiyo nimeanza kufanya jikoni na uani kile ambacho mvujo ulinizoesha. Usiku, kila koki ikiwa imefungwa na tanki limeshajaa, natoka na tochi kuangalia mita ya maji. Kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa mtiririko mwembamba. Kikisimama, nalala. Kikizunguka na jikoni pakavu, basi kuna maji yanayotuacha mahali tusipopaona, na hapo ningetoa chochote kupata tone moja la wazi la kunionyesha njia.

Tulirudisha mkono wa chini mahali pake, tukarudisha mpira kwenye mfereji, tukatandaza magazeti mapya. Mashine ikaosha mzunguko mzima wa vyombo vya makande na chai. Kona ya mbele kushoto, karatasi ilibaki kavu, na sahani za mstari wa chini zikatoka zikilia zinaposuguliwa kwa kidole. Nyuma, chini ya koki ya ukutani, kulikuwa na doa dogo: maji baridi, safi, hayatelezi, yametoka dakika ya kwanza. Dada wa nyumbani ndiye aliyeliona, na aliyetaja kiungo kabla fundi hajainama.

"Ni pale mpira unapofungwa kwenye koki, kaka," alisema.

Kijana akachukua spana, akagusa nati, akairudisha spana kwenye begi. "Dada yuko sahihi. Na hapa si pa kukaza, mwalimu. Ukikaza utapasua. Ni washa imechoka." Ni ya robo tatu, bapa, ya mpira, kipenyo chake nimekichora kwenye ukingo wa gazeti. Jumamosi nikienda soko la Kilombero nitaitafuta kwa wauza vifaa vya bomba, na nitachukua mbili.